Kiti cha Mpiga Kinanda



Mwaka 1928 Herbert Sumsion alikabidhiwa kinanda cha Kanisa Kuu la Gloucester, Uingereza. Akakiachia mwaka 1967. Miaka 39, kanisa moja, huku wavulana waimbaji wakipokezana kila sauti zao zilipovunjika. Kazi hiyo kule ina jina, mshahara na urithi: aliyemtangulia kwenye kiti kile, Herbert Brewer, ndiye aliyemfundisha.

Sasa twendeni Mbagala, Dar es Salaam, Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mwalimu wa kwaya ametoka Kariakoo kuuza vipuri, shati bado lina alama ya grisi. Kinanda kimefungwa kanga kwa ajili ya vumbi, na leo hakifunguliwi kwa sababu umeme umekatika. Anaitafuta "do" kooni mwake, anawapa kwanza sauti ya nne, kisha anapandisha hadi ya kwanza. Ubaoni, kwa mwanga wa simu, kuna d, m, s, nukta na vistari. Mshahara hana. Ana soda ya Pasaka.

Wapo watakaosema huyu ni Sumsion aliyekosa bahati. Nakataa, hawa wawili hawana babu mmoja. Herufi zile za ubaoni hazikuzaliwa kwenye kanisa kuu lolote. Sarah Glover wa Norwich alibuni mfumo wake wa herufi ili watoto waimbe, na katika miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaufanyia marekebisho na kuusambaza kwa watu ambao hawakuwa na kinanda wala mtu wa kuwafundisha kusoma mistari mitano. Wamisionari na walimu wa shule wakatuletea. Vinanda vikubwa navyo vililetwa: kanisa kuu la Kianglikana pale Mkunazini, Unguja, lina kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na Henry Willis wa London. Lakini dude kama lile halibebeki kwenda Mbagala. Herufi zinaingia kwenye daftari, zinapigwa picha, na usiku huohuo zimeshafika kwenye kundi la WhatsApp la kwaya.

Kwa Wakatoliki mwaka 1963 ulikuwa mzito. Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati yake ya liturujia. Kifungu cha 119 kinaagiza muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima yake. Cha 120 kinakisifu kinanda cha mabomba. Vimepangwa bega kwa bega, kama majirani wanaotumia ukuta mmoja. Mimi hufurahi kila ninapoviona hivyo, ingawa najua ni cha kwanza tu ambacho Mbagala ingeweza kukitimiza bila kuomba fedha kwa mtu.

Na inakitimiza kwa kazi ndogondogo. Jioni ile walikuwa wakijifunza wimbo wa zamani wenye tuni ya Kijerumani. Neno "Mwokozi" liliangukia pabaya: pigo zito lilitua kwenye "-zi", wakati Kiswahili hukaza "-ko-". Mwalimu akasimamisha.

"Huyo Mwokozii ni nani? Mimi simjui."

Wakacheka. Akafuta nota mbili kwa kiganja, akairefusha ya "-ko-" kwa nusu pigo na kuifupisha ya mwisho. Mama mmoja wa sauti ya pili akauliza, "Mwalimu, na kwenye kitabu tubadilishe?" Akamwambia abadilishe, tena kwa kalamu ya wino.