Kumwuguza Simba

Asubuhi ya leo nataka kuzungumza nanyi habari za mbwa. Najua wako watakaosema, "Je, Mwalimu amekosa la kusema?" Nivumilieni kidogo. Mithali 12:10 yampima mtu mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake, na katika mtihani huo mimi nilikaribia kuanguka.

Mbwa wangu aitwa Simba. Ni mbwa wa kawaida tu, wa rangi ya kahawia, kazi yake kulinda boma. Jioni moja ya mvua nilirudisha pikapu nyuma kuelekea mlangoni bila kuteremka kutazama, kama nilivyozoea kufanya kila siku. Nikasikia mlio. Gurudumu lilikuwa limepita juu ya mguu wake wa nyuma, wa kushoto. Basi jueni tangu mwanzo kwamba mbwa huyu hakuumizwa na mtu mwingine. Ni mimi.

Daktari wa mifugo aliushika mguu ule chini ya goti akaukuta baridi. Damu haikuwa ikifika tena. Akasema hakuna dawa ya kuuponya. Ama ukatwe, ama mbwa adungwe sindano ya kumaliza maisha yake. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwalimu, mbwa ni mbwa. Mwache alale. Utapata mwingine." Mzee huyo si mkatili. Alikuwa akihesabu gharama, na hata mimi nilikuwa nikihesabu, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na karo haijatimia.

Nikamwuliza daktari, "Mbwa wa miguu mitatu ataishi maisha gani?" Akanieleza kwamba mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Kwa hiyo aliyepoteza wa nyuma ana nafuu kuliko aliyepoteza wa mbele. Lakini wote wawili kwa kawaida hujifunza kutembea, hata kukimbia, mradi miguu iliyobaki ni mizima na mwili haukunenepa. Kisha akasema neno ambalo sikulitilia maanani wakati ule: "Kazi yangu ni ya saa chache. Yako ni ya siku 14."

Kesho yake nilipokwenda kumchukua nilishtuka. Mguu ulikatwa juu sana, karibu na nyonga. Nilidhani daktari angebakiza kipande, labda kimsaidie. La, hasha. Kipande kirefu hugonga chini kila mbwa anapojaribu kukanyaga, kikafanya kidonda kisichokwisha. Ngozi ilikuwa imenyolewa, na mshono mrefu umepita pale, nyama imevimba na kuwa na rangi ya zambarau kama mtu aliyepigwa. Watoto walilia. Mimi nilitazama kando.

Sasa nawaeleza tuliyofundishwa, kwa maana huenda mmoja wenu atayahitaji.

Sakafu yetu ni ya saruji, yenye kung'aa kwa rangi nyekundu. Mama watoto huionea fahari, lakini kwa mbwa wa miguu mitatu ni kama utelezi wa matope. Tulitandaza magunia makavu kutoka mahali alipolala mpaka mlangoni, na juu ya magunia blanketi kuukuu, safi. Kila alipotaka kwenda haja tulipitisha leso chini ya tumbo lake, mbele ya mshono, tukaishika ncha zote mbili tukamwinua kidogo sehemu ya nyuma. Alitembea hatua kumi, akarudi kulala. Hakuna kukimbia, hakuna kupanda ngazi, hakuna kucheza na mbwa wengine. Siku ya pili alikwisha kusimama mwenyewe. Hapo ndipo hatari ilipoanza, kwa sababu mbwa hajui kwamba ndani bado kumeshonwa.

Mshono wenyewe usiguswe ila kwa kutazamwa. Uwe mkavu. Mbwa asioshwe mpaka nyuzi zitolewe. Huku kwetu mtu akiona jeraha la mnyama hukimbilia majivu, au mafuta ya taa, au oili chafu ya gari. Vitu hivyo huchoma nyama mpya na kuingiza uchafu ndani. Hata spiriti huchoma. Tena nawasihi, msimpe mbwa vidonge vya maumivu vya watu. Panadol yaweza kuharibu ini lake, na Brufen yaweza kumtoboa tumbo na kuua mafigo. Mpe dawa uliyopewa na daktari wa mifugo, kwa kipimo alichokuandikia, na zile za kuua vijidudu uzimalize hata kama mbwa aonekana mzima.

Nzi nao ni adui. Nzi akitaga mayai penye unyevu wa jeraha, funza waweza kutokea kabla siku moja haijapita. Kwa hiyo Simba alilala jikoni, si uani, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba yetu. Nililazimika kuomba ruhusa kwa mwenye jiko.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Daktari alikuwa amemvika Simba kola pana ya plastiki, mfano wa faneli, iliyozunguka kichwa ili asiweze kufikisha ulimi kwenye mshono. Simba aliichukia. Aligonga milango, akamwaga maji, akanikazia macho. Usiku wa tano alilia mpaka saa saba. Nilikuwa nimelala na hatia yangu tangu siku ile ya pikapu, na kila alipolia niliona ananidai. Nikaondoka kitandani, nikaivua ile kola, nikamwambia, "Lala, rafiki yangu." Akanilamba mkono. Nililala vizuri usiku ule kuliko usiku wowote wa juma lile.

Asubuhi nyuzi nne hazikuwapo. Jeraha lilikuwa wazi kwa urefu wa kidole changu, jekundu, linatoa maji.

Tulirudi kwa daktari. Akamlaza tena, akasafisha, akashona upya. Hakunikemea. Alipomaliza kunawa mikono aliniuliza tu, "Mwalimu, ulimvua kwa ajili yake au kwa ajili yako?" Sikujibu. Hata leo, wasikilizaji, jibu langu si la kujivunia.

Wengi tumelelewa tukiambiwa ulimi wa mbwa ni dawa. Hata mimi nilimkumbusha daktari habari ya yule maskini Lazaro katika Luka 16, aliyelala mlangoni pa tajiri na mbwa wakaja kulamba vidonda vyake. Daktari, ambaye naye ni mtu wa kanisani, alicheka. Akasema mate ya mbwa yaweza kuua vijidudu vya namna fulani, ni kweli. Lakini kinywa hicho hicho kina vijidudu vingine vingi, na ulimi ukipita mara mia huchubua kama msasa, na meno madogo ya mbele hukata uzi upesi. Tena Lazaro hakuwa na nyuzi. Kisa kile, akasema, chaonyesha kwamba hapakuwa na mtu wa kumtazama maskini yule, si kwamba alikuwa akipata matibabu.

Basi hesabu ya siku 14 ikaanza upya. Safari hii nililala jikoni mimi mwenyewe, juu ya godoro, na kola haikutoka ila wakati wa kula, nami nimeketi pale pale. Asubuhi na jioni nilitazama jeraha penye mwanga. Uvimbe kidogo siku za kwanza si ajabu, na maji huweza kujikusanya chini ya ngozi, laini kama mfuko, bila kuuma. Mwonyeshe daktari, wala usiutoboe. Lakini harufu mbaya, usaha, joto, wekundu unaozidi badala ya kupungua, mshono unaofunguka, damu inayodondoka, ufizi uliopauka, au mbwa kukataa chakula: hapo usingoje kesho. Na mkumbuke kwamba mbwa mpole kabisa, akiguswa penye maumivu, huweza kuuma. Akikuuma, osha mahali pale kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

Usiku mmoja Simba aliruka ghafula akalia, akageuka kutazama mahali ulipokuwa mguu, kana kwamba umeng'atwa. Mshono ulikuwa safi. Daktari alinieleza kwamba mishipa ya fahamu iliyokatwa yaweza kuendelea kupeleka habari za mguu usiokuwapo, kama inavyowapata watu waliokatwa viungo, na kwamba ziko dawa za kutuliza hali hiyo. Tulipewa, ikapungua.

Siku nyuzi zilipotolewa, mzee jirani alipita kututembelea. Simba alimwendea mbio mpaka langoni, kwa mwendo wake mpya wa kurukaruka, akibweka kama zamani. Mzee akasimama. "Kumbe ameniona kabla sijafika," akasema. Akaingia, tukanywa chai.

Manyoya yameota, na kovu hulioni usipolitafuta. Mimi siku hizi huteremka garini na kutazama nyuma kabla ya kurudisha pikapu, hata nikiwa nimechelewa ibada. Liko jambo moja tu ambalo Simba hajalizoea. Sikio la kushoto likimwasha, ile nyama ya nyonga hutikisika haraka haraka, ikikuna kwa mguu ambao haupo, naye huinamisha kichwa akingoja. Basi mimi huweka kikombe chini nikamkuna.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.