Kusaidia Vyama vya Raia Bila Kupanda Fitina

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa redio, kipindi cha amani)

 

Leo tunazungumza juu ya vyama vidogo vya raia. Tunasema likirimba ya wamama wa sokoni, wakulima wanaokodisha shamba pamoja, vijana wanaozibua mifereji siku ya salongo, kundi la wajane, komite ya maji, na wazee wanaopatanisha watu juu ya mipaka ya mashamba. Vyama hivi havina gari wala ofisi kubwa. Lakini mgonjwa akibebwa kwa kipoyi usiku, mara nyingi ni chama kilichombeba. Na jamaa ikifika mahali bila sufuria wala mkeka, mara nyingi ni wamama wa chama wanaotangulia kuja na kikombe cha unga.

Hata hivyo, vyama hivi vinakufa haraka. Vinakufa kwa sababu gani? Si kwa kukosa feza peke yake. Vinakufa kwa kukosa daftari, kwa ugomvi kati ya presida na mtunza-feza, kwa kukosa mahali pa kukutana, kwa kukosa makaratasi. Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Na mali ikiisha bila habari, watu wanaanza kutafuta mwizi. Na katika inchi yetu mwizi anatafutwa upesi sana katika kabila la jirani.

Kwa hiyo vyama vinahitaji mtu wa kuvisindikiza: wa kufundisha hesabu, wa kusaidia kuandika sheria za chama, wa kueleza namna ya kuomba makaratasi. Sheria ya vyama visivyotafuta faida, ile ya tarehe 20 Julai 2001, inataka chama kipewe haki ya kujulikana kisheria na Waziri wa Haki. Kwa mama wa Nyunzu au wa Djugu, njia hiyo ni ndefu. Hawezi kuipita bila msaada.

Nani atalipia msaada huo? Tumezoea kutazama wazungu na mashirika yenye magari meupe. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba mji, komini, sekta na usultani ni vyombo vyenye uongozi wake na mali yake. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza kazi zao. Kwa sheria, katika kila franka 100 za mapato ya taifa yanayogawanywa, 40 ni za provinsi. Na katika hizo 40, vyombo vya chini vinapaswa kupata asilimia 40, maana yake franka 16. Tena, tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka wa 2018, asilimia 15 ya ushuru wa madini ni haki ya sekta, usultani au komini ambako madini yanachimbwa.

Sote twajua kwamba feza hizo mara nyingi zinakawia, zinafika nusu, au hazifiki. Tusidanganyane. Lakini hata kidogo kinachofika, na kodi ya soko inayokusanywa hapa hapa, kinaweza kujenga au kubomoa. Tazameni jinsi kinavyobomoa.

Tuseme komini imetenga feza za kusindikiza vyama kwa mwaka mmoja. Mkubwa anaita shirika la mjomba wake, anamwambia: "Kazi hii ni yenu." Hakuna tangazo. Hakuna aliyeulizwa anahitaji nini. Shirika lile linafundisha vyama vya watu wake, kwa luga yao, katika kartie yao. Vyama vya wengine vinasikia habari baada ya miezi mitatu. Jamaa zilizohama hazisikii kabisa. Je, pamekuwa na vita? Hapana. Lakini neno limepandwa moyoni: "Komini hii si yetu." Siku kijana mwenye bunduki atakapopita akitafuta wafuasi, atalikuta neno hilo limekwisha kuota.

Ndugu zangu, njia nzuri iko, na haihitaji elimu kubwa. Komini au sekta isigawe feza kama zawadi; iagize kazi, kama vile mtu anavyoagiza meza kwa seremala. Unamwambia seremala urefu, upana, aina ya ubao, siku ya kumaliza na bei. Meza ikilegea, unairudisha. Na kwa kazi hii ni hivyo hivyo. Hatua zake ni tano.

Kwanza, kuuliza. Viongozi waite vyama vyote, vyenye makaratasi na visivyo nayo, wasikilize mahitaji yao. Pengine mnafikiri wanataka mafunzo, kumbe wanataka chumba cha kukutana na mtu wa kuwapatanisha.

Pili, kuandika. Kazi iandikwe kwenye karatasi: ni huduma gani, kwa vyama vya wapi, kwa muda gani, kwa feza ngapi. Iandikwe kwa Kifaransa kama sheria inavyotaka, kisha isomwe kwa Kiswahili na kwa luga za mahali.

Tatu, kutangaza. Tangazo libandikwe ofisini, lisomwe sokoni, kanisani, msikitini, kambini na kwenye redio. Sheria ya masoko ya serikali ya tarehe 27 Aprili 2010 inataka kushindanisha kuwe ndiyo kawaida. Kumpa mtu kazi bila mashindano ni jambo la pekee lenye masharti yake.

Nne, kuchagua mbele ya macho. Wanaochagua wawe wengi, wamama wakiwemo, na mwenye ndugu kati ya wanaoomba atoke nje. Walioshindwa waelezwe sababu. Mtu aliyeelezwa anaweza kununa, lakini hawezi kusema alifichwa.

Tano, kufuata. Kila baada ya miezi mitatu, vyama vyenyewe viseme kama kazi imefanywa. Wasiulize shirika lililolipwa peke yake, maana hakuna mpishi anayesema chakula chake ni kibaya.

Katika Kivu ya Kusini, karibu na mwaka wa 2010, komini za Bukavu na maeneo mengine yalianza kupanga bajeti pamoja na raia. Watu waliitwa mikutanoni hata kwa ujumbe wa telefoni, kisha wakajulishwa ni jambo gani limechaguliwa. Basi jambo hili si ndoto. Limekwisha kufanywa kwetu.

Sasa tuangalie jambo moja la hatari: anayesaidia asije akawa bwana. Tunakumbuka Barza ya jamii mbalimbali iliyoanzishwa Goma mwaka wa 1998. Wazee wa makabila walikaa pamoja wakatuliza ugomvi mwingi, hata wa mashamba. Lakini siasa zilipoingia ndani, ikagawanyika, na karibu na mwaka wa 2005 ikavunjika. Chama kinachosimama kwa mgongo wa mkubwa kinaanguka siku mkubwa anapojigeuza. Asindikizaye anatembea kando. Habebi, wala haburuti.

Kwenu ninyi jamaa mliohama vita: msikubali kuitwa watu wa kupokea tu. Mkataba wa Kampala wa mwaka wa 2009, uliofanywa na inchi za Afrika, unasema waliohama waulizwe na washiriki katika maamuzi yanayowahusu. Mnapoitwa, njooni. Pelekeni mama mmoja na kijana mmoja, si presida wa komite peke yake. Andikeni majina ya wanachama wenu na michango yenu, hata kwenye daftari la shule. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, kambi nyingi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, watu walitawanyika kwa siku chache. Chama ambacho mtu mmoja anakibeba kichwani mwake kinaweza kupotea siku kama hiyo. Chenye daftari kinaweza kuanza tena kule kinakofika.

Kwenu wenyeji: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkiunda chama pamoja na waliohama, komini haitaweza kusema inasaidia upande mmoja. Shamba moja, daftari moja, watunza-feza wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule.

Na kwenu viongozi: tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa, lakini katika komini chache tu. Mahali pengi kura hiyo haikupigwa. Pasipo baraza lililochaguliwa, nani atawaangalia? Vyama hivi hivi. Kiongozi mwema havigopi. Anaviomba vimsaidie kuonekana mwaminifu. Feza kidogo iliyogawanywa wazi inatuliza watu kuliko feza nyingi iliyogawanywa gizani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika mtaa wetu kuna vyama gani, na ni vipi havijawahi kuitwa ofisini?

2. Kama komini ingetuuliza leo, tungeomba huduma gani moja, kabla ya feza?

3. Ni nani kati yetu, mwenyeji na aliyehama, watakaokwenda pamoja kuuliza bajeti ya mwaka huu, na watakwenda siku gani?