Upanuzi wa Barabara Kuu na Maji ya Vyama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za vyama vya msingi, Kikatiti)



Barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi na Holili imekatiza mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Maji yashukayo kutoka msituni kwenda mto Kikuletwa hayana budi kupita chini yake. Msafiri atokaye mjini huvuka Tengeru, Makumira, Usa na Maji ya Chai kabla hajafika Kikatiti, na katikati ya mito hiyo huvuka mifereji mingi asiyoiona kabisa, kwa kuwa haina daraja wala kibao chenye jina. Mito hiyo ndiyo hatimaye hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Lakini maji kabla hayajafika huko yamekwisha kunywesha migomba, mahindi na nyanya za wanachama wa vyama hivi.

Habari ya kupanua barabara hii si ngeni. Kati ya Sakina na Tengeru, kilomita 14.1, barabara ilikwisha kugeuzwa kuwa ya njia nne kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na pamoja nayo ikajengwa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 ipitayo kusini mwa jiji. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliifungua barabara hiyo ya mchepuo Julai 2022. Sehemu ya Tengeru, Moshi hadi Himo, yenye kilomita 105, ambayo Kikatiti imo ndani yake, nayo imetajwa kwa miaka kadhaa katika mipango ya Wizara ya Ujenzi. Hapana mwanachama mwenye akili timamu anayepinga barabara pana. Nyanya iliyooza ndani ya lori lililokwama kwenye foleni ni hasara ya mkulima, si ya dereva. Swali lililo mbele ya vyama ni jingine: maji yatavukaje barabara hiyo, na ni nani atakayeulizwa kabla simenti haijamwagwa?

Sheria imejibu nusu ya swali hilo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, iliagiza kwamba mradi mkubwa kama upanuzi wa barabara kuu usianze mpaka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira na kutolewa cheti. Kanuni zake za mwaka 2005 zikaeleza njia ya kufuata. Mwenye mradi huuandikisha. Wataalamu waliosajiliwa hutengeneza hadidu za rejea, hufanya uchunguzi, na kuandika taarifa. Taarifa hupitiwa na kamati ya wataalamu, na uamuzi wa mwisho sheria hiyo iliuweka mikononi mwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Cheti chaweza kutolewa pamoja na masharti. Masharti hayo ndiyo yenye thamani kwa wananchi kuliko cheti chenyewe, maana ndiyo yanayosema ni wapi kalavati litawekwa, ni lini mto utaguswa, na uchafu utatupwa wapi.

Kanuni hizo ziliagiza pia kwamba watu watakaoguswa na mradi waarifiwe kwa mabango, gazeti na redio, na ikifaa kwa mikutano, ili watoe maoni yao. Hapa ndipo vyama vingi hulala. Mkutano huitishwa, watu hufika, na karibu kila anayesimama huuliza habari ya fidia ya nyumba. Swali hilo ni halali. Lakini mtaalamu huandika alichosikia. Ikiwa hakusikia neno mfereji, taarifa yake itasema kwamba wananchi wa eneo hili wanahofia nyumba zao, na mifereji haitaonekana ndani yake hata mara moja.

Tena kuna hatari ndogo ya lugha ambayo imeleta hasara kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa mkulima wa Meru, mfereji ni njia ya maji ya kumwagilia, iliyochimbwa na wazee, yenye banio lake, zamu zake na watu wake. Kwa mtu wa barabara, mfereji mara nyingi ni mtaro tu, yaani njia ya kuondoa maji ya mvua yasiharibu lami. Ikiwa mkulima atasema "mfereji unapita hapa", na mwandishi akaandika neno la mtaro, basi mhandisi atakayeletewa karatasi atafanya kazi yake kwa uaminifu: atayakusanya maji hayo pamoja na maji machafu ya barabarani na kuyamwaga kwenye korongo la karibu. Hakukusudia ubaya. Inafaa basi wajumbe waseme waziwazi, kila mara, "mfereji wa umwagiliaji", na wataje jina la mfereji na idadi ya kaya zinazoutumia.

Kalavati lenyewe lina mambo yake. Barabara ya njia mbili ikigeuzwa kuwa ya njia nne, bomba lililo chini yake nalo hurefuka. Bomba fupi mtu aweza kulizibua kwa jembe na mti mrefu siku ya msaragambo. Bomba refu na jembamba likijaa tope halizibuliki hivyo. Kwa hiyo upana wa kalavati ni jambo la kuombwa tangu kwenye michoro, wala si baada ya mvua za masika kuliziba. Jambo la pili ni kimo. Mfereji hutembea kwa mteremko mdogo sana. Wazee waliuchimba kwa kufuata maji yenyewe. Bomba likilazwa chini kuliko kitako cha mfereji, maji yatatoka upande wa pili yakiwa chini ya mashamba, nayo hayatapanda. Likilazwa juu mno, maji yatajaa upande wa mlimani na kuoza. Kosa la nusu mita latosha kukausha mashamba ya mtaa mzima, na mkandarasi akiisha kukabidhi kazi na kuondoka, kulirekebisha ni kuvunja barabara ya taifa, jambo ambalo hapana ofisa atakayeliidhinisha kwa ajili ya kaya arobaini.

Wakati wa ujenzi nao una maji yake. Udongo hushindiliwa ukiwa na unyevu, na maji ya kuunyunyizia hutoka mahali fulani. Boza moja la lita 10,000 ni sawa na maji yote ya mfereji wa lita 5 kwa sekunde kwa muda wa zaidi ya nusu saa. Mabozа kumi kwa siku, mwezi wa Septemba, ni zamu ya watu wengi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, inamtaka achukuaye maji kwa kazi kama hiyo awe na kibali, na kwa mito ya Meru mamlaka ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi. Mwenye kibali ana kiasi alichoandikiwa na mahali alipoonyeshwa. Mwenyekiti wa mfereji akiliona boza linanyonya maji, haki yake ya kwanza ni kuuliza kibali, kwa adabu, na kuandika tarehe. Kulipiga mawe boza ni kujitia mashakani bure.

Sheria hiyohiyo imezitambua haki za kimila za maji na kuweka njia ya kuziandikisha. Hata hivyo mfereji ulioandikishwa husikilizwa upesi kuliko mfereji unaosimuliwa. Wameru hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa nje. Walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki Novemba 1951, walichanga fedha, wakaandika madai yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayafikisha mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini dai hilo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba halikuwapo.

Juu ya floraidi, yapasa kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo wageni wanapokosea zaidi. Maji ya mlima huu hayafanani. Chemchemi moja yaweza kuwa tamu na salama, na kisima kilicho karibu nayo kikawa na floraidi ya kugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia na, kwa wengine, kupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiasi kikubwa zaidi. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kiliwekwa Ngurdoto si kwa bahati. Basi mtu akisema, "Chemchemi hii itafukiwa, lakini mradi utawachimbia kisima", jibu la chama lisiwe asante. Jibu liwe: maji ya kisima hicho yapimwe kwanza, na majibu yasomwe mkutanoni. Chemchemi salama upande huu wa Meru haibadilishwi kwa tundu lolote la ardhini.

Vivyo hivyo kwa matindiga na mabonde yaliyo chini ya barabara. Machoni pa mpita njia ni tope na matete. Kumbe hupokea maji ya masika na kuyatoa polepole, na nyasi zake hulisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Kuyafukia kwa kifusi ni rahisi kwa mkandarasi kwa kuwa hayana mwenyewe wa kulalamika. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar juu ya ardhi oevu mwaka 2000. Huko Marekani, tangu sheria ya maji safi ya mwaka 1972, mtu hawezi kumwaga kifusi kwenye ardhi oevu inayolindwa na sheria hiyo bila kibali, na watoaji kibali hufuata utaratibu unaofaa kuigwa hata kijijini: kwanza kuepuka, isipowezekana kupunguza, na mwisho kabisa kufidia. Taarifa inayoanza na fidia imeanzia mkiani.

Kwa upande wa wakulima nao, ukweli usifichwe. Sheria ya mwaka 2004 ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na makatazo hayo hayamhusu mkandarasi peke yake. Chama ambacho wanachama wake wamelima hadi mdomoni mwa mto hakitapata ujasiri wa kusimama mkutanoni kudai kambi ya ujenzi isogezwe mbali na ukingo. Wajumbe wanayajua mashamba hayo yalipo.

Sasa habari ya fidia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndiyo asili ya alama za X nyekundu na X ya kijani kutani: ya kwanza kwa waliojenga ndani ya hifadhi ya zamani, ya pili kwa wale ambao hifadhi mpya iliwafuata walipo, nao hustahili kulipwa. Mthamini huandika jina la mtu, mimea yake na jengo lake. Mfereji hauna jina la mtu. Banio, kisima cha pamoja, ghala la chama lililo pembeni, vyote hivi huweza kuachwa nje ya jedwali, kwa kuwa hakuna aliyesimama kando yake siku ya uthamini na kusema ni vya nani. Hapo ndipo ushirika una nguvu ambayo mtu mmoja hana. Chama kilichosajiliwa ni mtu mbele ya sheria: chaweza kumiliki, kudai na kudaiwa. Lakini mtu huyo huja na hati ya usajili, muhtasari wa mkutano uliopitisha dai, na daftari la mali lililoandikwa kabla ya mthamini kufika. Daftari linaloandikwa wiki ya uthamini hunuka wino mbichi, na wathamini wana pua.

Jambo moja zaidi laweza kuanza juma hili bila kungoja barua kutoka popote, nalo ni kupima maji. Kwa mfereji mdogo, maji yaelekezwe yaingie katika debe la lita 20 na mtu ashike saa. Debe likijaa kwa sekunde 10, mfereji unatoa lita 2 kwa sekunde. Kwa mfereji mkubwa, ichaguliwe sehemu iliyonyoka ya mita 10, kikatupwa kipande cha kijiti juu ya maji. Tuseme kijiti kimekwenda kwa sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, mwendo huo uzidishwe kwa 0.8, upatikane 0.32. Mfereji wenye upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20 utakuwa basi na lita 32 kwa sekunde. Kazi hii ifanyike juu ya barabara na chini ya barabara, siku moja ya kila mwezi, na matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na majina ya watu wawili walioshuhudia. Nakala moja ibaki chamani, ya pili kwa mtendaji wa kijiji, na ya tatu ipelekwe kwenye jumuiya ya watumia maji, ili mtaalamu wa mazingira atakapofika na kuuliza maji yalikuwa kiasi gani kabla ya mradi, akabidhiwe daftari.