Na Mimi Niende Serengeti?

(Muuguzi alizungumza na wanafunzi wa sekondari mjini Bariadi. Haya ndiyo aliyowaambia.)

Haya, kaeni.

Asubuhi mwenzenu mmoja alinisubiri mlangoni. "Shikamoo dada. Natibiwa saratani. Na mimi niende Serengeti? Wengine wanasema nitawaletea balaa njiani." Ameniruhusu niwaambie.

Jamani, liliniuma. Mdogo wangu aliugua saratani ya tezi. Mwaka mzima safari yake ilikuwa moja tu: Bariadi, Lamadi, Magu, Bugando. Dripu, kutapika, basi, nyumbani. Wenzake walipokwenda kuona nyumbu, shule yake ikamfuta kwenye orodha eti apumzike. Nywele zilipokatika hakulia. Siku hiyo alilia.

Baadaye, siku ya kliniki, daktari alikubali mama ampeleke kisiwa cha Saanane. Ni pale pale Mwanza, boti ya dakika chache tu kutoka Capri Point. Alikaa kivulini akitazama pimbi na swala. Tusidanganyane, pimbi hatibu uvimbe! Lakini usiku ule alimaliza ugali wake, na asubuhi akauliza mwenyewe tarehe ya dozi inayofuata. Zamani alikuwa akiificha ile kadi.

Sasa, huyu mwenzenu. Saratani haiambukizwi kwa kukaa kiti kimoja wala kula sahani moja. Mwenye mafua ndiye hatari kwake, kwa sababu dawa zile hushusha chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu. Mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Kwa hiyo tarehe ya safari haipangwi na mwalimu peke yake. Kwanza damu ipimwe, daktari aseme.

Njiani anywe maji yaliyochemshwa, ale chakula cha moto, avae kofia, alale kwenye chandarua. Mkisimama Lamadi, ziwa ni la kutazama tu. Kichocho kipo, hata kwenu wazima! Na joto la mwili likifika nyuzi 38, msimpe panadol mkangoja kuche. Hospitali saa hiyo hiyo, na daftari lake la kliniki mkononi.

Mwalimu amekubali kusubiri majibu ya damu. Limebaki suala la kiti cha dirishani. Nani anamwachia? Mikono juu nione... Mmoja. Wawili. Wewe wa nyuma, unajikuna au unakubali?