AMANA YA TEGETA NA NYARAKA ZAKE
(Hotuba ya mwanachama mwenzetu, mwenye duka, aliyoisoma katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya akaunti ya Tegeta Escrow. Neno ni geni, lakini jambo lenyewe tulifundishwa tangu chuoni: ni amana. Watu wawili wakigombania fedha, humwekea wa tatu mpaka hesabu yao itengenee. Mimi nimewahi kuwekewa dukani, na nakiri kuwa usiku nilikuwa silali.

Mwaka 1995 serikali ilifunga mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, iuze umeme wa megawati 100 kutoka mtambo wa Tegeta. TANESCO wakalalamika kuwa wanatozwa kupita haki. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti ya amana katika Benki Kuu, ziingie humo fedha zinazogombaniwa. Mwisho wa mwaka 2013, na hesabu haijamalizwa, amana ikafunguliwa, fedha zikakabidhiwa kampuni ya PAP iliyodai kuwa imeinunua IPTL. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilitaja shilingi bilioni 306.

Ripoti ya Kamati hiyo niliisikia ugenini. Novemba 2014 nilikuwa Maretadu, wilaya ya Mbulu, nilikokwenda kununua vitunguu saumu. Wenyeji wangu, wakulima wa Kiiraqw, walikaa kuizunguka redio, taa yao koroboi, wakisikiliza namna fedha za umeme zilivyogawanywa. Mzee mmoja akaniuliza, "Shehe, na hao wote walitia sahihi?" Sijasikia swali bora kuliko hilo, hata kwa wasomi.

Maana hapakuvunjwa mlango, ndugu zangu. Mwanasheria Mkuu alitoa ushauri, Wizara ikaandika, Benki Kuu ikalipa. Kila mmoja alikuwa na waraka wa mwenziwe wa kujikingia. Waraka mmoja peke yake ulionekana halali. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na TAKUKURU walipozikusanya nyaraka, na Kamati ya Bw. Zitto Kabwe ikazisoma Bungeni tarehe 26 Novemba, ndipo ulipodhihiri mtandao.

Zikafuata karatasi za benki ya Mkombozi. Bw. James Rugemalira, aliyeuza hisa zake za IPTL, aliwagawia watu fedha humo. Profesa Anna Tibaijuka, Waziri wa Ardhi, bilioni 1.6, yeye alisema ni msaada wa shule. Bw. Andrew Chenge, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu, bilioni 1.6. Walikuwamo majaji, na viongozi wa dini pia, jambo lililonihuzunisha kuliko yote. Huenda mmoja mmoja ana udhuru wake. Lakini mwenye duka akiona watu wote wenye kukata hukumu wamo katika daftari la mfanya biashara mmoja, hahitaji kufasiriwa.

Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu Desemba 2014. Mwezi ule ule Profesa Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Profesa Muhongo wa Nishati akajiuzulu, na kabla mwaka haujaisha akarudishwa uwaziri. Bw. Rugemalira na Bw. Harbinder Singh Sethi wa PAP walishitakiwa mwaka 2017. Mwaka 2021 Bw. Sethi alikiri kosa na kukubali kulipa kiasi cha bilioni 26, na Bw. Rugemalira akaachiwa. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Wapo watakaosema haya ni ya bara. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, na wa Pemba kutoka Tanga. Mwaka 2017 tulitishiwa kukatiwa kwa sababu ya deni, na kila mtu aliambiwa deni letu ni kiasi gani. Basi na sisi tuna haki ya kuuliza.

Na mwaka 2016 TBC iliacha kutangaza vikao vya Bunge moja kwa moja. Wale wazee wa Maretadu wangelisikia wapi ripoti nyingine?

Kwa hiyo naomba tawi letu, kila itajwapo tume au uchunguzi, lisiulize kwanza nani amefukuzwa. Liulize nyaraka ziko wapi, na nani ameruhusiwa kuzisoma. Ripoti ya Kamati ninayo dukani, imechakaa kidogo. Atakaye aje baada ya sala ya isha, tuisome ukurasa kwa ukurasa.