Mji wa Nice Wakati wa Baridi

Leo tuna habari za Nice, mji wa pwani ya kusini ya Ufaransa.

Mwezi wa Agosti watu hujaa ufukoni, hata pa kukaa ni taabu. Mwezi wa Januari ufuko ni mtupu. Maji ni baridi, lakini jua lipo. Je, aendaye Januari amekosea wakati? Hata kidogo! Zamani huo ndio uliokuwa wakati wenyewe. Waingereza matajiri waliikimbia baridi ya kwao, nao waliondoka Nice kabla ya joto kuanza.

Baridi ya 1820 hadi 1821 ilikuwa kali mno, na maskini wengi walikuwa wakiombaomba mjini. Waingereza walitoa fedha, maskini wakapewa kazi ya kutengeneza njia kando ya bahari. Njia ile sasa ni barabara pana, Promenade des Anglais, yaani Matembezi ya Waingereza.

Nini kiligeuza mambo? Mojawapo ni sheria ya 1936. Mfanyakazi wa Ufaransa alipata likizo ya majuma mawili yenye mshahara, naye akaichukua wakati wa joto.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni: ufuko, baridi, likizo.