Sindano Zimekwisha, Nguvu Bado

Mfikirie mvuvi wa Lipingo, pale ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Amemaliza sindano za saratani ya tezi dume, lakini akisukuma mtumbwi tu anakaa mchangani kuhema. Usiku jasho linamtoka, shuka anaitupa kando. Mkewe anauliza, "Baba, si walisema umemaliza dawa?"

Amemaliza, ndiyo. Ila sindano zile, goserelini na wenzake, kazi yake ni kuzima testosteroni, homoni inayoilisha saratani hiyo. Daktari Charles Huggins alilionyesha hilo kule Chicago mwaka 1941, akatunukiwa Nobel mwaka 1966. Tatizo ni kwamba homoni hiyohiyo hujenga misuli, damu na mifupa. Na haiamki siku dawa inapokoma: huchukua miezi, pengine mwaka na zaidi, na mzee aliyechomwa kwa miaka mingi huenda isimrudie kama zamani. Aliyeondolewa korodani, kwake homoni hiyo hairudi tena.

Hapo ndipo wauza vumbi la Kongo, unga unaouzwa kama dawa ya nguvu za kiume, humnyemelea. Mimi nauita ukatili. Unga usiojulikana kilichomo, anauziwa mtu ambaye hata testosteroni halisi, akiongezewa kiholela, yaweza kumwamshia ugonjwa! Uchovu ule hupunguzwa na mwendo: kutembea kila siku, kunyanyua ndoo, kurudia kasia polepole.

Baba, ukirudi kliniki omba upimwe testosteroni pamoja na PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Nawe mama, msindikize, uyasikie majibu kwa masikio yako.